Siku Sita za Chumba cha Uani

Msomaji aliyekosa gazeti la juma lililopita nampa haya machache, kisha tuendelee.

Naitwa Faraj. Nilikuwa mtengeneza dawa katika zahanati moja ya Kisauni. Kwa miaka miwili nilijipiga sindano ya pethidini, dawa ya maumivu niliyopewa mara ya kwanza hospitali kwa ajili ya jiwe la figo. Pethidini haitoki katika mmea wowote. Hutengenezwa kiwandani, lakini mwili ukishaizoea huidai kama vile mla afyuni anavyodai afyuni yake.

Mwezi wa tisa, mwaka 1961, Inspekta wa polisi alinisimamisha langoni pa zahanati nikiwa na vichupa kumi na tisa vya dawa yao ndani ya kopo la halua. Mahakamani nilikiri kosa, kwa sababu kaka yangu Awadh aliniambia nikiri.

"Kiri," alisema. "Wakili wa nini? Kiri, halafu niachie mimi. Nitamweleza hakimu kuwa wewe ni mgonjwa."

Nikakiri. Hakimu akaahirisha hukumu kwa majuma mawili, nami nikarudishwa rumande.

Humo mwenzangu alikuwa Charo, mgema wa Bamburi, aliyeshikwa na tembo la mnazi bila leseni.

"Kesi yetu ni moja," aliniambia asubuhi moja, huku akijipangusa uso kwa upindo wa shuka yangu bila kuomba. "Mimi nimeshikwa na maji ya mnazi, wewe na maji ya chupa. Ila yangu mtu hunywa akaimba."

"Yako yana sheria ya leseni," nilimjibu. "Yangu yana sheria ya dawa za hatari. Ni vifungu viwili mbalimbali."

Charo alicheka mpaka akashika mbavu. "Wewe bwana! Wazungumza kama barua ya serikali. Siku hakimu akikuuliza hujambo, utamjibu kwa namba ya kifungu."

Saa nne ya siku hiyo nikaitwa nje.

Chini ya kibanda cha mabati aliketi mtu mwembamba, kaptula yake imepigwa pasi, daftari juu ya goti. Alikuwa Mrabai, na jina lake ni Bwana Tsuma. Kazi yake ilikuwa kuwachunguza washtakiwa kabla ya hukumu, ili hakimu ajue anahukumu mtu wa namna gani. Watu walimwita ofisa wa probesheni.

"Sikuja kukuombea," alianza. "Nimekuja kuuliza. Hakimu ana njia mbili. Akiona wewe ni mchuuzi wa dawa, ni miaka miwili na kazi ngumu. Akiona wewe ni mgonjwa, aweza kukutoa. Utatibiwa hospitali, utaishi katika nyumba inayojulikana, nami nitakuja kukutazama kila juma. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Lakini lazima mtu wa kwenu aseme: huyu ni mgonjwa, nimemwona kwa macho yangu akiugua, na niko tayari kumpokea. Bila mtu huyo, mimi sina la kuandika. Nionyeshe mikono."

Nilimwonyesha mikono, kisha mapaja. Aliyatazama makovu moja moja, akaandika.

"Nani amekuona ukiugua?"

"Kaka yangu. Mwezi wa pili alinifungia chumba cha uani siku sita. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwomba. Nilitaka kuacha."

"Ikawaje?"

Nilimweleza kama ilivyokuwa. Siku ya kwanza nilitokwa na jasho na machozi. Ya pili nilitapika hata maji. Ya tatu mifupa iliniuma kana kwamba inavunjwa, nami nilipiga kelele bila kujizuia. Katika vitabu vya kazi yetu imeandikwa kuwa mtu akivuka siku ya tano amevuka mto. Mimi sikuivuka, kwa kuwa siku ya nne mtu aliingia, akanipiga sindano, nikalala.

"Nani?"

"Mke wangu, nadhani."

Bwana Tsuma aliinua kalamu. "Wadhani?"

"Nilikuwa nimejifunika shuka kichwani, sikuona. Lakini wenye ufunguo wa kufuli walikuwa wawili, kaka Awadh na mke wangu Mahfoudha. Kaka Awadh ni muuza nguo. Hajui sindano inashikwaje. Mahfoudha ameniona nikijipiga mara nyingi. Alinionea huruma, na kwa huruma ile akaniharibia."

"Ulimwuliza?"

"Sikumwuliza."

"Kwa miezi minane?"

"Nilikuwa nimekwisha kukata shauri."

Alinitazama kidogo, kisha akainama kuandika. "Basi nitaandika hivyohivyo. Nitaandika kuwa hukumwona, na kwamba wadhani ni mkeo. Kesho nitakwenda Kisauni kumwona kaka yako."

Nilirudi ndani nikiwa mwepesi. Kwa mara ya kwanza tangu nishikwe, jambo langu lilikuwa mikononi mwa mtu anayetofautisha kuona na kudhani. Na kaka Awadh alikuwa ameona.

"Utatoka," Charo alisema. "Uso wako umekwisha kutoka, umebaki mwili."

Siku ya hukumu tulivushwa daraja la Nyali ndani ya lori la askari. Nilipoingia kizimbani niliwatafuta watu wangu. Mahfoudha alikuwa mwisho wa safu ya wanawake, buibui limefunika kila kitu ila macho. Kaka Awadh aliketi mbele, kanzu mpya na koti jeusi. Kando yake kulikuwa na mtu ambaye sikumtazamia: Mzee Yeslam, mwenye maduka ya viungo, baba wa kijana aliyekuwa amuoe dada yetu Suad Jumamosi ifuatayo.

Hakimu, Mzungu mwenye miwani, aliisoma taarifa ya Bwana Tsuma kwa Kizungu, na mkalimani akafasiri kwa wote. Mimi Kizungu nakijua, kwa hiyo kila jambo lilinipiga mara mbili.

Nyumba ya kaka wa mshtakiwa ni ya mawe, safi, yenye heshima. Ofisa alipokewa vizuri na kupewa kahawa. Kaka wa mshtakiwa anasema mshtakiwa ni mtu wa swala tano, hukamilisha Ramadhani, na hajapata kuugua tangu jiwe la figo. Hajapata kumwona akijipiga sindano. Hakumbuki kumfungia popote.

Nilishika ubao wa kizimba.

Mwanzoni nilifikiri ni lile kosa letu la siku zote. Sisi mgeni akiingia, hata awe wa serikali, huwekewa kahawa na kuambiwa mazuri ya nyumba, na ya uani hubaki uani. Nilifikiri kaka amenisitiri kwa mazoea, bila kutambua kuwa kwa sitara ile ananifunga.

Hakimu akaendelea. Mke wa mshtakiwa hakuhojiwa. Ofisa aliambiwa yuko kwao Utange. Mshtakiwa mwenyewe asema alifungiwa siku sita, na kwamba siku ya nne alipewa dawa na mtu ambaye hakumwona, naye adhani ni mkewe.

Katika safu ya wanawake kichwa kimoja kiliinuka.

Hakimu aliweka karatasi chini. "Mshtakiwa. Kwa mujibu wa kaka yako, wewe ni mtu mzima wa afya. Mtu mwenye afya anataka nini na vichupa kumi na tisa vya pethidini, kama si kuviuza?"

"Bwana Hakimu, naomba kaka yangu aulizwe hapa, kwa kiapo. Nyumbani hakufahamu maana ya swali."

Awadh akaitwa. Akapewa Msahafu, akaapa kwa sauti ya kutosha.

"Ulimfungia mdogo wako chumbani mwezi wa pili?" hakimu aliuliza.

"Sikumfungia."

"Umepata kumwona akiumwa kwa kukosa dawa hii?"

"La, Bwana Hakimu. Kwetu hakuna ugonjwa huo. Kama alikuwa na vichupa, labda alishawishika na biashara. Zahanati ni mahali pa vishawishi."

Mzee Yeslam aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayeridhika na bei.

Hakimu aliangalia saa, akasema atatoa hukumu baada ya robo saa. Askari alinitoa barazani. Kaka Awadh alinifuata, akamwambia askari, "Mwanangu, dakika mbili tu, ni ndugu yangu." Askari akasogea hatua tatu.

"Umekula kiapo, kaka," nilisema.

"Nimekula."

"Juu ya Msahafu."

"Mungu ajua nia yangu. Sikiza, Faraj, wala usinikatize. Jumamosi Suad yuwaolewa. Umemwona Mzee Yeslam? Amekuja asikize kwa masikio yake. Mtu akifungwa kwa kuuza dawa, watu husema tamaa ilimponza. Atatoka, ataonekana msikitini, watasahau. Lakini mtu wa kufungiwa uani, akalia kama mbuzi wa Idi? Watauliza ni ugonjwa gani. Wakishajua, watauliza umetoka kwa baba au kwa mama. Nani ataoa katika ukoo huo? Na Suad akiachwa siku nne kabla ya harusi, nani atamposa tena?"

"Kwa hiyo bora niwe mwizi."

"Bora uwe mwizi. Mwizi ana siku ya kutoka."

"Wewe ndiwe uliyenambia nikiri. Ulinambia utamweleza hakimu."

"Nilikwambia hivyo, nikidhani Mzee Yeslam hatakuja." Alinitengenezea ukosi wa shati, kama alivyokuwa akifanya nilipokwenda shule. "Miaka miwili si mingi. Mkeo na watoto wako kwangu, watakula ninachokula. Wallahi, hawatakosa."

Nataka msomaji alipime jambo hili kama nilivyolipima mimi pale barazani. Halikuwa kosa la mazoea. Kaka yangu alikaa, akazihesabu njia mbili za hakimu, akanichagulia ya jela. Hakunichukia. Alinitumia tu.

Tuliporudi ndani, kabla hakimu hajafungua kinywa, sauti ya mwanamke ilisikika kutoka nyuma.

"Bwana Hakimu, mimi ni mkewe. Sikuulizwa."

Mahfoudha alikuwa amesimama. Miaka kumi ya ndoa sijapata kumsikia akisema mbele ya wanaume wasiokuwa wa nyumbani. Kaka Awadh aligeuka kwa nguvu hata kofia ikampinda.

"Kaa chini, Mahfoudha," alisema.

"Sitakaa, shemeji. Nimekaa vya kutosha."

Hakimu alimwuliza Bwana Tsuma kwa nini mwanamke huyu hakuhojiwa.

"Niliambiwa yuko Utange, Bwana Hakimu."

"Nilikuwa jikoni," Mahfoudha alisema. "Kahawa aliyokunywa bwana huyu niliipika mimi. Na aliomba tangawizi izidishwe."

Watu walicheka. Bwana Tsuma akainamisha macho. "Ni kweli, Bwana Hakimu. Niliomba."

Mahfoudha akaapishwa. Alisema polepole, bila kulia, akingoja mkalimani amalize kila kipande. Alisema nilifungiwa. Alisema ni yeye aliyenipelekea uji, nikautapika. Alieleza jasho, kelele, mifupa. Kila alichosema kilikuwa sawa na nilichomwambia Bwana Tsuma, na hatukuwa tumeonana tangu nishikwe.

"Na siku ya nne?" hakimu aliuliza.

"Siku ya nne walikuja wageni wa posa ya Suad. Mzee Yeslam, yule pale, na wenziwe sita. Waliketi ukumbini. Mume wangu alikuwa akilia uani, na sauti ilikuwa ikifika."

Mzee Yeslam hakutikisika.

"Shemeji Awadh akaja jikoni. Alikuwa na boksi la dawa la mume wangu, lile alilomnyang'anya siku ya kwanza akaapa amelitupa chooni. Akaniambia, 'Mpige moja, anyamaze.' Nikamwambia sitaki, amebakiza siku moja avuke. Akaniambia, 'Basi nionyeshe.' Nikakataa. Akaenda mwenyewe, nami nikamfuata mpaka mlangoni. Akampiga pajani, juu ya shuka, kwa nguvu, kama mtu apigaye msumari. Mume wangu akanyamaza. Ukumbini wakasoma Fatiha."

Akanitazama mimi sasa, si hakimu.

"Faraj, miezi minane hukuipokea chai ya mkono wangu. Nilidhani ni dawa iliyokufanya hivyo. Leo, kwa kusomewa na mkalimani, ndipo nimejua ulinidhania nini."

Mzee Yeslam alisimama. Aliitengeneza kofia yake, akachukua bakora, akapita mbele ya safu nzima bila kumtazama Awadh, akatoka. Mlango ulipofungwa, kaka yangu alikuwa amebadilika rangi.

Hakimu alinigeukia. "Mshtakiwa, jibu kwa uangalifu. Ulimwona aliyekupiga sindano siku ya nne?"

Hapo ndipo nilipokumbuka jipu. Baada ya siku zile sita jipu liliniota paja la kulia, upande wa nje, mahali ambapo mimi sijipigi. Nililipasua na kulisafisha mwenyewe, nikashangaa, kwa kuwa sindano zangu huzichemsha dakika kumi na sijapata jipu hata mara moja. Sindano isiyochemshwa, iliyopita juu ya shuka, huleta jipu. Mahfoudha angeipiga mkononi, kama alivyoniona nikifanya. Ushahidi nilikuwa nao mwilini, na kovu bado lipo.

"Sikumwona, Bwana Hakimu," nilisema.

Kila neno lilikuwa kweli. Jipu sikulitaja. Hakuniuliza.

Mahfoudha akashusha macho. Kaka Awadh akashusha pumzi.

Kwa nini nilifanya vile, nitasema. Lakini kwanza yaliyofuata.

Bwana Tsuma aliomba ruhusa, akasimama. "Bwana Hakimu, nani aliyempiga sindano ni jambo la polisi. Mimi nimeagizwa kuchunguza kama mtu huyu ni mgonjwa. Makovu nimeyahesabu. Mkewe amesema kwa kiapo mambo ambayo mtu hayabuni. Kaka yake amekana yote, hata uwepo wa mwanamke huyu nyumbani, na hilo nimejua sasa kuwa si kweli. Nimeridhika kuwa ni mgonjwa. Naomba asipelekwe jela."

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Inspekta naye, kwenye meza yake, aliandika kitu huku akimtazama Awadh.

"Nitakubali," hakimu alisema hatimaye. "Miaka miwili chini ya uangalizi wa ofisa. Hospitali kila Jumatatu na Alhamisi mpaka ipatikane nafasi ya kulazwa. Lakini lazima akae nyumba inayojulikana, chini ya mtu mzima atakayejibu kwa ajili yake. Nani anampokea?"

"Mimi," Mahfoudha alisema mara moja. "Kwa mama yangu, Utange. Kuna chumba. Nitajibu mimi."

"Mimi, Bwana Hakimu."

Alikuwa Awadh. Amesimama, mikono mbele, sauti laini kama ya dukani.

Hakimu alivua miwani. "Bwana, nusu saa iliyopita ulisema kwa kiapo kuwa mtu huyu si mgonjwa."

"Kama mahakama imesema ni mgonjwa, mimi ni nani nikatae? Ni damu yangu. Nyumba ni ya mawe, ina maji, nina gari la kumfikisha hospitali. Utange ni mbali, na mvua ikinyesha basi haliendi. Nipe nafasi nimuuguze ndugu yangu."

Watu waliguna. Mtu wa nyuma akasema kwa sauti, "Huyu angeuza hata kivuli chake," na askari akamnyamazisha.

Nilielewa hesabu yake mpya. Aibu ilikuwa imekwisha kutoka uani. Lililobaki ni kuirudisha ndani kabla mji mzima haujaiona ikienda Utange na mizigo kichwani. Kaka aliyemtunza ndugu yake mgonjwa angeweza kwenda jioni ile kwa Mzee Yeslam na kusema, tazama, tumemshika, yuko ndani.

"Ofisa anapendelea wapi?" hakimu aliuliza.

"Utange," Bwana Tsuma alisema. Hakusita.

"Nami ningependelea hivyo. Lakini amri hii sheria hainiruhusu kuitoa bila ridhaa ya mshtakiwa, wala sitamlazimisha nyumba." Akanigeukia. "Wewe umesikia yote. Utange na mkeo, Kisauni na kaka yako, au jela. Chagua."

Mahfoudha alikuwa amekunjua ukingo wa buibui na uso wake wote ulikuwa wazi. Hakuniomba. Alikuwa akingoja kama mtu anayengoja risiti ya kitu alichokwisha lipia.

"Kisauni," nilisema. "Kwa kaka Awadh."

Mkalimani alinitazama kabla ya kufasiri, kana kwamba amenisikia vibaya.

Mahfoudha alijifunika uso, akauliza kitu kwa mwanamke aliyekaa karibu naye, nadhani njia ya kutokea, kwa kuwa alikuwa hajapata kuingia humo. Kisha akatoka.

Bwana Tsuma alinifuata mezani nilipokuwa nikitia sahihi. "Nieleze," alisema. "Nataka kuandika, na sijui niandike nini."

"Ni kwa ajili ya Suad," nilimwambia. "Nikienda Utange, harusi imekufa. Nikirudi nyumbani, pengine itapona."

Aliyaandika maneno hayo. Niliyasema tena kwa watu wengi miezi iliyofuata, na wengi walinisifu kuwa ni mtu wa kujitolea. Msomaji, si kweli. Suad hakuwamo akilini mwangu hata kidogo.

Kaka Awadh alinifungulia mlango wa gari kama mgeni. Kutoka mahakamani mpaka darajani alizungumza yeye peke yake: angekwenda kwa Mzee Yeslam baada ya magharibi, angechukua na imamu, angemweleza kuwa wanawake wakikasirika husema mengi. Mahfoudha asirudi tena mlangoni pake. Nguo zake zitapelekwa Utange. Watoto tutazungumza. Mimi nilitakiwa nivae kanzu safi siku ya harusi na niketi mahali watu watakaponiona.

Sikumsikiliza. Nilikuwa nikifanya hesabu moja tu, tangu kizimbani, tangu mke wangu aliposema neno "boksi." Boksi la pethidini lina vichupa kumi. Nilifungiwa likiwa halijafunguliwa. Kaka yangu hakulitupa chooni. Siku ya nne alitumia kimoja. Ningelitaja jipu, Inspekta angelichukua boksi lile.

Gari lilikuwa katikati ya daraja, magurudumu yakigonga mbao.

"Kaka," nilisema, "vimebaki vingapi?"

Hakuniuliza ni nini. Alitazama mbele, akabadilisha gia, akapunguza mwendo kumpisha mtu na baiskeli.

"Tufike kwanza," alisema.